Mikono ya Malaika wa Ndoo

Ukitaka kujua choo cha stendi kiko wapi, huna haja ya kumuuliza mtu. Tazama ukutani. Kuna mkono mweupe, kucha zimekatwa vizuri, kifungo cha shati kimefungwa, na kidole cha shahada kimenyooka kuelekea chooni bila haya. Kinyozi naye ana mkono wake. Duka la dawa lina wake. Fundi saa alihama mtaa zamani, lakini mkono wake umebaki, na hadi leo unawapeleka watu wenye saa mbovu kwenye banda la kuku.

Mikono yote hiyo ilitoka kwa mtu mmoja, mchora mabango, ambaye watu walimwita Fundi akiwepo na Kidole akishaondoka. Alikuwa mtu mwema. Hakunywa, hakugombana, na bango lililoharibika alilirudia bure. Ila kwenye habari ya mikono alikuwa na majivuno ya kuku aliyetoka kutaga. Herufi zake zilikuwa za kawaida tu, nyingine zimebanana mwisho wa ubao kama watu waliochelewa kupata nafasi. Nyuso alizikwepa. Lakini mkono! Ukimpa kazi ya kuandika "Tunauza Mkaa", atakuwekea mkono, upende usipende.

Majivuno hayo yalianzia nyumbani kwao. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, mama wa maneno machache na mashuka mengi. Siku moja, hakuna ajuaye kwa nini siku hiyo na si nyingine, alisema ameambiwa kwamba wanaolinda nyumba ya sala hawana pa kusimama, kuta ni tupu. Nani amemwambia, hakusema. Tangu hapo kila akitoka kazini Jumamosi alikwenda kanisani na makopo ya rangi iliyobaki hospitalini: kijani cha wodi, bluu ya milango, kahawia ya mabenchi. Hakufundishwa na mtu. Akachora malaika ukuta mzima, wamevaa kijani cha wodi, nyuso kahawia ya benchi, wamesimama bega kwa bega na macho makubwa, wanakutazama kama wanajua ulichofanya jana na wameamua kukusamehe.

Basi, siri ni hii: mama yule hakujua kuchora mikono. Nyuso aliziweza. Mabawa aliyaweza, tena unyoya kwa unyoya, kwa sababu alikuwa amenyonyoa kuku wengi maishani mwake. Mkono ulimshinda. Alijaribu nyumbani kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni, mwanawe akitazama: mara vidole sita, mara vinne, mara chane ya ndizi. Mwisho akautupa mkaa akasema, "Kinachonishinda nakifunika."

Ndiyo maana malaika wake wote wamebeba vitu. Kuna Malaika wa Ndoo, aliyeikumbatia ndoo kifuani hata mikono haionekani. Kuna wa Ufagio, wa Pasi, wa Furushi, na kuna wa Mwamvuli, ambaye ukimtazama kwa makini utajiuliza mwamvuli ule umeshikwa na nini.

Waumini hawakujiuliza. Kama kawaida yao, walielewa zaidi ya kilichokuwepo. Waliokuwa na shida ya maji walikaa chini ya Ndoo. Wachuuzi waliogopa mvua, wakakaa chini ya Mwamvuli. Mhubiri mmoja mgeni alisimama mbele ya ukuta ule akahubiri mpaka akalowa jasho, kwamba mbinguni hakuna anayekaa bure, na ndiyo maana hata malaika wana ndoo. Watu wakatoa leso. Mchoraji mwenyewe, benchi la nyuma, alishikwa na kikohozi ambacho hakikuisha hadi wakati wa sadaka.

Mwanawe ndiye peke yake mle ndani aliyejua kikohozi kile kilikuwa cha nini, au ndivyo alivyoamini. Siku ile akaapa atajifunza mikono, ili siku moja ammalizie mama yake kazi. Akajifunza kwa kutazama mkono wake wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na brashi. Wa kushoto haukuwa na la kufanya. Aliunyoosha tu mbele yake, kidole nje, akauchora, akauchora tena, mpaka ukaingia kwenye damu. Alipoanza kuchora mabango, mama yake alipita chini ya mikono ile kila siku akienda kazini, na hakusema neno. Hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma kijana, likaendelea kumuuma alipoota mvi, na halikuacha hata walipokwisha kumzika mama.

Mvua za mwaka ule zikapata njia kwenye paa la kanisa. Zikashuka ukutani kimyakimya, na asubuhi moja lipu ilibanduka kifuani mwa Malaika wa Ndoo. Ndoo yote ikaanguka sakafuni vipande vipande. Malaika akabaki na kichwa, mabawa, miguu, na shimo katikati.

Mchungaji, kijana mpole aliyependa kila mtu apatane na kila mtu, alimwita Fundi. Kazi ya lipu alipewa Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwashi mstaafu mwenye mikono minene kama mihogo, ambaye alikuwa na kinyongo cha zamani na ukuta ule. Ni yeye aliyeupiga lipu enzi za ujana wake, kazi aliyojivunia kuliko harusi yake, na kabla haijasifiwa ipasavyo dobi akaja akaijaza malaika.

"Lipu ile ilikuwa kioo," alisema akipachika kiraka. "Kioo! Leo nani anaiona?"

Mama mdogo naye alikuwepo. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye kushika funguo za kanisa na kulifagia, na tangu dada yake afariki alikaa chini ya Malaika wa Ndoo na si pengine. Alisema pale ndipo anapomsikia.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "rudisha ndoo kama ilivyokuwa. Usijitie kiherehere."

"Ndiyo, Mama mdogo," alijibu Fundi, kwa sauti ile ya mtu ambaye masikio yake yameshaondoka.

Kwani yeye aliona nafasi aliyoingoja maisha yake yote. Sasa malaika wa mama yake angepata mikono. Alitaka kumfuta mama yake aibu ile ya nyuma ya mlango wa jikoni. Pia alitaka watu waseme, loo, mikono hiyo. Mapenzi na majivuno vilikuwa vimeshakorogwa kwenye kopo moja, na hakuna fundi anayeweza kuvitenganisha tena. Akatundika shuka mbele ya ukuta, akakataza watu kuchungulia, akafanya kazi wiki nzima pua ikigusa lipu.

Jumapili, baada ya wimbo wa pili, shuka likavutwa.

Ilikuwa mikono kwelikweli. Ilikuwa na mishipa, mikunjo ya vifundo, na weupe wa mwezi mdogo kwenye kila ukucha. Fundi, kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao, akatazama chini.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza muuza mboga.

"Labda amefukuzwa kazi," sauti ikatoka benchi la vijana.

"Ndiyo maana jana bomba halikutoa maji."

"Mkono mtupu haulambwi," akahitimisha muuza mboga, na kicheko kikapita kanisani, mchungaji naye akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Haya yangekwisha kwa kicheko. Lakini mtu mmoja akaona kile ambacho Fundi, na pua yake ukutani, hakukiona. Alikuwa amekusudia mikono miwili iliyofunguliwa, ya kubariki. Wa kwanza ulifunguka. Wa pili, alipochoka, brashi ilienda yenyewe njia iliyoizoea miaka yote. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka. Malaika alikuwa anaonyesha.

Vichwa vikageuka kufuata kidole, kama watu wanaotafuta choo cha stendi. Kikashuka juu ya mabenchi ya mbele, kikapita mzee wa kwanza, kikatua kwenye pembe ya benchi inayogusa ukuta wa pili, kwenye paji la uso la Mwenyekiti.

Mwenyekiti alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, ukuta tu. Akasogea kidogo kushoto. Aliyekuwa kushoto kwake akaondoka kabisa.

Mama mdogo hakucheka wala hakugeuka. Aliinuka mahali pake, akachukua kitambaa chake cha kukalia, akaenda kukaa karibu na mlango. Wiki ile alikutana na Fundi barabarani mara kadhaa akampita kama anavyopita nguzo ya umeme. Fundi alimwamkia, akaitikiwa na vumbi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kucheka watu wamecheka, watanyamaza. Lakini mama huyu ndiye mtu wa mwisho aliyebaki wa nyumba ile, na alikuwa amehama kwa dada yake kwa sababu yake yeye.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alikuja na kofia, akaketi palepale, kwa kuwa kuhama ni kukiri. Mahubiri yalikuwa juu ya ukarimu. Hakuna aliyesikiliza. Kila mtu alikuwa anatazama kidole, halafu kofia, halafu kidole. Katikati ya mahubiri mzee akasimama.

"Sawa!" alisema. "Ngazi ya kanisa ninayo mimi. Niliiazima kupanda darini, nikasahau, halafu nikaona haya. Iko nyuma ya nyumba, ina kuku juu yake. Haya, nimesema. Kidole kishuke!"

Kidole hakikushuka. Na hapo ndipo alipojiharibia, maana kabla ya hapo watu walitania tu. Sasa walikuwa na hakika. Lisemwalo lipo, walinong'ona nje ya mlango. Na kama ngazi imesemwa na malaika bado hajaridhika, basi kuna jambo kubwa kuliko ngazi. Mke wake mwenyewe alimuuliza kwa upole walipofika nyumbani, kama kuna kitu angependa kumwambia.

Mzee akaitisha kikao. Alipendekeza ukuta wote upakwe chokaa, juu hadi chini, malaika wote, waende zao.

"Tutasali kwenye ukuta msafi kama watu wengine," alisema. "Na lipu itaonekana."

Wazee wenzake waliafiki, kwa kuwa kila mmoja alihofu kwamba kidole kikiachwa, ipo siku kitahama. Mchungaji aliomba, akabembeleza, akanukuu maandiko, akapata kitu kimoja tu: Fundi apewe mpaka Jumamosi. Wazee wakija wasiporidhika, chokaa.

Fundi alisikia habari hizo akiwa juu ya ngazi yake anaandika "Tunaziba Pancha", na akashuka kabla ya kumaliza neno. Malaika wa mama yake wote, kwa kidole chake kimoja! Alikwenda kanisani siku ileile, akafuta mikono yote miwili, akachora ndoo. Sasa jamani, mtu akishajua sana, kutojua ni kazi. Ndoo aliyochora ilikuwa na mng'ao ubavuni, kivuli chini, na mpini unaoweza kuushika. Mchungaji alipita akaitazama.

"Inapendeza, Fundi," alisema. "Inauzwa wapi?"

Akaifuta. Akachora nyingine, akaifuta. Ya tatu aliifuta kabla haijakauka. Kisha akanawa, akaenda kwa mama mdogo bila kuitwa.

Alimkuta uani anachagua maharage kwenye ungo. Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza, na kwa mama yule hiyo ilikuwa hatua kubwa. Fundi akachuchumaa.

"Mama mdogo, nisamehe. Kuna jambo hulijui. Mama hakujua kuchora mikono. Zile ndoo na mafagio, alikuwa anaficha. Mimi nilitaka tu kumstiri."

Mama mdogo aliinua uso. Mabega yakaanza kutikisika, na Fundi akadhani amemliza. Kumbe anacheka.

"Sijui?" alisema. "We mtoto! Kanisa zima linajua. Unafikiri sisi vipofu? Yule wa Mwamvuli ameushika kwa kiwiko! Na nani unadhani alimwambia ampe ndoo? Ni mimi. Nilimwambia, dada, mpe ndoo, tumalize, giza linaingia."

"Na mahubiri yale? Watu walilia!"

"Walilia, ndiyo. Mimi nililia. Ndoo ilikuwa ya kufichia, lakini ilikuwa ndoo. Tumebeba maji maisha yetu yote, mwanangu, tukaona na malaika anabeba. Sasa wewe ukampokonya."

Swali likamtoka Fundi ambalo hakuja nalo, ambalo alikuwa amelimeza miaka mingi.

"Alikuwa anaionaje mikono yangu?"

Mama mdogo akarudi kwenye maharage. Akatupa jiwe. "Kila ulipoandika bango jipya, alinipitisha njia ya mbali kwenda sokoni, tukalitazame. Tulisimama juani kama wajinga. Anasema, tazama kucha hizo. Tazama."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia ungekuwa huvumiliki. Tayari ulikuwa huvumiliki." Akatupa jiwe lingine. "Na kuna jambo moja lilimsumbua. Alisema, mikono ya mwanangu mizuri, lakini inajua kuonyesha tu. Haijawahi kubeba kitu."

Fundi aliipokea sentensi ile palepale alipochuchumaa, na ilimwingia. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alipita akilini kwenye mikono yake yote, stendi, kwa kinyozi, duka la dawa. Ni kweli. Hapakuwa na mmoja ulioshika hata kijiko.

Jumamosi asubuhi alikuwa mbele ya ukuta, kiraka bado kitupu kifuani mwa malaika, naye amekaa sakafuni akiuangalia mkono wake wa kushoto. Aliupa kopo ushike. Ukashika kama unaonyesha kopo. Hakujua kuchora mkono unaobeba! Umri wote ule, na mvi zote zile, alijua nusu ya kazi.

Hapo mlango ukasukumwa kwa bega, na Mwenyekiti akaingia mapema kuliko wenzake. Alikuwa na ndoo ya chokaa, imejaa mpaka ukingoni, ameikumbatia kifuani ili isimwagike. Mikono yake minene ilikuwa imefumbatana chini ya ndoo, vidole vimeingiliana, kucha zimepauka kwa kubana.

"Mzee," alisema Fundi akinyanyuka, "usiitue."

"Nini?"

"Usiitue! Simama hapohapo. Tafadhali, kwa heshima yako yote, usisogee."

"Kijana, hii ni nzito!"

"Ndiyo. Ndiyo ninachotaka."

Brashi ilikuwa imeshagusa ukuta. Mwenyekiti alisimama, kwanza kwa mshangao, kisha kwa ubishi, maana mwashi hatui mzigo mbele ya mchora mabango. Alilalamika bila kupumzika. Alilalamikia mgongo, lipu, ngazi, mke wake aliyekuwa bado anamuuliza maswali ya upole. Fundi aliitikia "ndiyo, Mzee" na kuchora kidole baada ya kidole: kile kilichopinda kwa nyundo ya zamani, gumba lenye ukucha uliokufa, kovu la mwiko. Mikono ikaja mizito, imekunjamana, mibaya, na kila mmoja ulikuwa unashika.

Ndoo ikabaki. Mama mdogo alikuwa ameingia kufagia, na alikuwa amesimama nyuma yao sijui tangu lini. Fundi akamnyooshea brashi.

"Mimi siwezi," alisema. "Yangu inauzwa dukani."

"Mimi nijue kuchora?"

"Hata yeye hakujua."

Mama mdogo akapiga fundo la kanga kiunoni, akaweka ufagio kando, akachora ndoo kama anavyoijua mtu aliyeibeba: upande mmoja umebonyea, mdomo umekaa mshazari, kijani cha wodi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Ulimi ulimtoka nje wakati wa kuzungusha ukingo.

"Sasa naweza kutua?" aliuliza Mwenyekiti.

Wazee wengine walipofika, walimkuta amekaa kwenye benchi anajinyoosha mgongo, na ndoo ya chokaa miguuni. Wakatazama ukuta. Mmoja akasogea, akatazama tena, halafu akamtazama Mwenyekiti.

"Mikono hii naijua," alisema.

Mwenyekiti akaiweka mifukoni.

"Basi," alisema mchungaji haraka, kabla mtu hajapata wazo lingine, "tulikuwa tunazungumzia chokaa."

Mwenyekiti alikohoa. Alisema kwamba chokaa ya siku hizi si nzuri, inabanduka upesi. Alisema pia, kwa kuwa ukweli lazima usemwe, kwamba lipu pale kwenye kiraka imeishika rangi vizuri mno, na ingekuwa dhambi kuifunika. Wenzake wakasema hata wao walikuwa wanafikiri hivyohivyo. Mmoja akaomba kujua kama yule wa Ufagio naye hahitaji mikono, akanyoosha yake mbele kidogo, kwa mfano tu. Fundi akamwambia yule wa Ufagio ni mzima, aachwe kama mama alivyomwacha.

Walipotoka, mama mdogo alibaki. Alichukua kitambaa chake cha kukalia kule mlangoni, akakirudisha chini ya Malaika wa Ndoo, akakikung'uta, akaketi. Alitazama juu kwa muda mrefu, midomo ikitembea bila sauti, na Fundi hakuthubutu kukusanya makopo.

"Dada angekuonea wivu," alisema mwishowe.

Fundi alitoka nje, akafungua bomba, akaanza kuosha brashi ambazo alikuwa ameshaziosha.